Jinsi Nilivyomgeuza Nischal Kuwa Kaka

Mangsir 2, Jumapili

Jana asubuhi, uani kwetu hapa Patan, Nepal, nilimpoteza mpenzi wangu Nischal. Mbele ya kuhani. Kuhani nilimwita mwenyewe.

Hesabu ilikuwa safi. Mama alikuwa ameanza kuuliza mbona Nischal anakula kwetu, analala kwetu, na kwao kupo. Nikasema tufanye mit, tuwe ndugu wa kiapo. Ndugu wa kiapo haulizwi mbona amelala. Kiapo kimoja, maswali yote kwisha! Tukapakana tika, ile rangi ya baraka, kwenye paji la uso, tukainamiana, Mama akalia kwa furaha.

Leo Nischal ananiita Mitjyu, yaani mheshimiwa mit. Viganja pamoja, macho chini. Godoro lake amelihamishia chumba cha chini, kando ya magunia ya mchele. Nikacheka. Hakucheka. Anasema mit hataniwi. Kwao milimani babu yake hakukanyaga hata kivuli cha mit wake.

Mangsir 4, Jumanne

Maonyesho ni Jumamosi. Michoro yangu ya kompyuta itatembea ukutani, muziki wangu, sauti ya Nischal. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, sikushikwa mkono na mtu. Na sasa mwimbaji hataki kuimba "njoo, roho yangu." Eti si adabu kwa mit. Kaimba "tafadhali, naomba usogee." Wimbo wa mapenzi umekuwa ombi la kitambulisho ofisi ya kata!

Kisha akaniomba, kwa heshima zote, niweke nguzo kati ya wale wanaume wawili wanaobusiana juu ya paa. Nimeweka. Nguzo imetoka nzuri kuliko wanaume. Inauma.

Mangsir 5, Jumatano

Nimekwenda kwa dada Sabita, fundi cherehani anayetushonea nguo za maandamano yetu, wanaume wapendanao, siku ya sikukuu ya Gai Jatra. Kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mdogo wangu, wenzako hutoroka na wapenzi wao. Wewe wako umemfanya kaka."

Nikauliza kiapo kinafutwaje. Hakifutwi. Akifa nitamkalia matanga.

Mpango wa pili, basi. Ninazo rekodi zake za zamani, za enzi nilipokuwa roho yake. Nitazipachika kwenye wimbo. Asijue.

Mangsir 8, Jumamosi

Ukumbi ulijaa. Sauti ya zamani ikaimba. Watu wakafuta machozi, wengine kwa ajili ya nguzo. Nischal kasimama pembeni, kipaza sauti mkononi, hana la kuimba.

Akanivuta nje. "Ungeniomba, ningeimba," akasema. Kisha, taratibu: "Siku ulipomwita kuhani nilijua umenichoka. Nikasema moyoni, angalau ananiacha kwa heshima."

Nimwache? Mimi? Mipango yote miwili ilikuwa ya kumweka! Akasubiri niseme neno. Nikamwuliza kama amekula.

Mangsir 9, Jumapili

Nischal yuko jikoni juu, anammenyea Mama vitunguu saumu. Mama ameshuka kuniambia kwamba tangu alfajiri Nischal anauliza kama nimeamka, ana jambo la kuniambia. Sijapanda. Mambo haya hayataki pupa. Sielewi hata aliyeachwa ni nani.

Ila sikukaa bure. Nimemtumia ujumbe mnajimu wa Mangal Bazaar, pamoja na siku na saa tulizozaliwa sote wawili: "Usinizungushe na sayari. Nischal bado ananipenda? Ndiyo au hapana. Nataka jibu kabla ya saa sita mchana, na yeye asijue nimeuliza."