Transfoma Isiguswe Mpaka Nadira Aje

Jumatatu, 4 Agosti

Nadira ndiye atakayesimamia umeme wa nchi yetu mbele ya nchi nyingine! Mwanangu! Wa tumbo hili hili! Haya, asalaam aleikum, shajara. Furaha imenisahaulisha salamu.

Kapiga simu asubuhi. Kasema waya mkubwa wa umeme utavuka mpaka, utoke nchi jirani uingie kwetu, na serikali imemweka yeye kuwa wakili wake kwenye mkataba. Nikamuuliza waya una kesi gani hata utake wakili. Akasema, Mama, ukikatika pale mpakani, nani atautengeneza? Umeme ukipotea njiani, hasara ya nani? Yote hayo huandikwa kabla. Na mawakili wa upande wa pili ni wabishi. Neno moja tu, "anaweza" au "atapaswa", linakula siku nzima. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hapo nilimwelewa vizuri. Mama mkwe wangu alikuwa vile vile.

Nikamuuliza atakuja lini. Ana kikao. Hata sikukuu ya Idi alikuwa na kikao.

Nikatoka mbio kumpa habari Mwanatatu, jirani yangu wa ukuta mmoja, muuza barafu za ukwaju. Akasema mashallah, na hapo hapo akaniambia mwanawe Mansur kamletea kuku. Mansur anakaa chumba cha uani! Huyo kuku kasafiri kutoka wapi? Nikampa nambari ya Nadira, nikamwambia aiweke, iko siku atahitaji mtu mkubwa. Akaiweka. Kwa kununa, lakini akaiweka.

Chakula cha mchana peke yangu. Wali umetoka chuya hata moja haimo. Hapana wa kumwonyesha.

Jumanne, 5 Agosti

Transfoma imelipuka! Watu ndio kwanza wanatoka msikitini magharibi, pwaa! Mtaa wetu wote wa Timbwani giza. Alhamdulillahi.

Nieleze. Mansur ni fundi wa kuchomelea mageti, bila stima hana kazi. Keshatoa simu awapigie watu wa stima. Nikamshika mkono. Nikamwambia, wewe kijana, una wazimu? Mwanangu anashauri serikali juu ya umeme wa nchi mbili, nawe waenda kuwalilia watu wa ngazi na koleo? Tukiripoti huko chini tutamwaibisha. Nadira atakuja mwenyewe, atasema na walio juu.

Watu wakatazamana. Wakakubali! Wote! Mwanatatu pekee ndiye aliyeuliza, na friza yangu je, Mama Nadira? Nikamwambia, stahimili, bibi, mambo ya kimataifa hayaendi mbio.

Mpango mzuri kupita kiasi. Mtaa gizani, mama gizani, mtoto gani asije?

Nikampigia. Hapatikani. Yule dada wa kwenye simu anayesema mteja hapatikani nimeshamzoea. Ana adabu. Siku hizi namjibu marahaba.

Jumatano, 6 Agosti

Kapatikana! Nikamwambia niko gizani na nimejikwaa kwenye kinu. Kweli nilijikwaa. Ilikuwa saa za mchana, lakini nilijikwaa.

Akasema transfoma ya Timbwani haimo kwenye mkataba wa kimataifa. Mtu mmoja apige simu tu, watakuja. Nikamwambia wamepigiwa na hawataki kuja. Mungu anisamehe. Nikamwambia tena, ikiwa shida ni mpaka, basi sisi huku Likoni tutajitangaza nchi leo leo, aje atuandikie mkataba. Akacheka! Lile cheko lake la utotoni, la kukatika pumzi. Akasema, Mama, nitawaomba upande wa pili wasogeze kikao. Naweza kuja Ijumaa.

Alisema anaweza. Majirani nimewaambia atapaswa.

Na giza hili lina utamu wake, wallahi. Televisheni zote zimekufa, basi jioni watu wote wamehamia barazani kwangu. Mwanatatu kaja na beseni la barafu, anazigawa kabla hazijawa maji, huku akinitazama kwa jicho. Wakataka habari za Nadira. Nikawapa. Nikasema akiingia kikaoni, mawakili wa upande wa pili husimama. Sina hakika, ila kama wamelelewa vizuri watasimama. Mzee mmoja akauliza kama ataweza kuutazama na ule mwamba mbovu wa paa la choo cha soko. Nikasema atautazama.

Baraza langu halijajaa hivi tangu matanga ya marehemu mume wangu. Na siku ile sikuweza kufurahia.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Msiba! Stima imerudi!

Nimetandika kitanda cha Nadira, shuka la maua. Nikavuka feri mpaka soko la Kongowea kwa ndizi za kupika, maana za huku ni ndogo, na mtu anayekula na mabalozi hawezi kupewa ndizi ndogo. Narudi na kikapu, naona dirisha langu linang'aa. Gari la ngazi ndilo hilo linaondoka. Vijana wake wananipungia mkono!

Nani kapiga simu? Namshuku Mansur. Kanipita kichwa chini, na kule kwake cheche za kuchomelea zaruka kama harusi. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, wananingoja niseme neno. Ningefanyaje? Nikasema, mmeona? Mtoto hajafika, amri yake imefika.

Wakapiga vigelegele. Mwanatatu akanikumbatia. Mwanatatu! Machozi yakamtoka, akasema friza imeanza kuguruma na hatasahau maishani. Nikajisikia mrefu.

Magharibi nikapika chai ya tangawizi, birika kubwa lile la wageni, nikatoa na mkeka. Hakuja mtu. Kila nyumba tamthilia yake. Ukutani nawasikia Mwanatatu na Mansur wanabishana nani kahamisha chaneli. Nimekunywa vikombe vyangu, iliyobaki nimemwagia mchaichai.

Si neno. Kesho Ijumaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Alfajiri niko jikoni. Ndizi za nazi, samaki wa kupaka, kaimati. Nimevaa leso mpya. Nimetoka kibarazani, nimerudi, nimetoka.

Adhuhuri ndio imepita, Nadira akapiga simu. Mwanatatu, kumbe, kampigia Nadira jana kumshukuru! Kwa ile nambari niliyompa mimi kwa mkono wangu. Kamshukuru kwa transfoma, kamwombea dua, kisha kamhadithia yote. Kwamba mtaa mzima ulikatazwa kuripoti mpaka yeye aje.

Nadira hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinihoji polepole, kama shahidi. Mama, nani aliwapigia watu wa stima siku ile? Hakuna. Nani aliwakataza watu? Mimi. Kinu nacho? Kinu ni kweli, nikasema, kinu usikiguse.

Akasema upande wa pili wanataka kikao kesho asubuhi. Alikuwa amewakatalia kwa ajili ya giza langu. Aliposikia taa zimewaka, akawakubalia. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema, Mama, ungeniambia tu kwamba wanitaka nyumbani. Sema sasa hivi. Sema, na nitawaambia wangoje, nipande treni ya leo.

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Wallahi lilifika.

Nikasema, nani, mimi? Mimi hapa nyumba imejaa watu, sina hata pa kukaa! Nchi mbili zikungoje wewe kwa sababu ya ndizi? Kazi kwanza, mama.

Akasema sawa, Mama. Nikamwambia salio laisha. Yeye ndiye aliyekuwa amepiga.

Ndizi nimempelekea Mwanatatu. Nikamwambia zimezidi, nyumba imejaa chakula. Akaniambia nikae. Nikakaa mpaka tamthilia ikaisha. Siipendi. Yule dada mwenye mawigi ni mwongo mno.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamka na akili safi. Kosa nimeliona. Kosa ni kwamba transfoma hutengenezeka. Nilihitaji jambo lisilotengenezeka.

Dua! Dua ya shukrani kwa kurudi stima! Nadira ndiye mgeni wa heshima. Atawezaje kukosa dua yake mwenyewe? Yeye nitamwambia majirani ndio walioandaa na mimi sikujua. Majirani nimewaambia yeye ndiye aliyeagiza, tena kwa amri. Mwanatatu atatoa barafu. Nimemwomba afute ile nambari, nimemwambia imebadilishwa kwa usalama wa taifa. Kaifuta! Nadhani.

Sufuria kubwa nimeshaliazima, na asubuhi nimepita mlango kwa mlango. Hata Mansur kaahidi, bado hanitazami usoni. Nadira sijamwambia. Nitamwambia akipatikana.

Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 17, baada ya alasiri. Timbwani yote inakuja.