Ukoko Ndani ya Mtutu

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Nimetoka uwanja wa shabaha nikinuka kama jiko la kuni. Kila nikifyatua bastola, moshi unapanda mpaka siioni shabaha. Pengine ni heri, maana nilikuwa siipigi.

Nyumbani nikachungulia ndani ya mtutu. Balaa! Madini ya risasi yameganda humo kama ukoko wa uji kwenye sufuria iliyosahaulika.

Na Jumamosi klabu inachagua wanne wa kwenda Bismarck, mashindano ya jimbo. Mimi Verlyn Ostby nimekuwa mmoja wao tangu nilipokuwa na nywele. Sasa kiti changu kinatolewa macho na Kirby Tollefson. Mkwe wangu! Nimempa binti, bado hajashiba. Yeye pia hujitengenezea risasi, tena za madini yale yale na kwa bastola kama yangu, lakini mtutu wake unang'aa kama kijiko cha harusi. Mke wangu Ardis anasema si nimuulize tu. Nimuulize Kirby! Afadhali nile sabuni.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua! Risasi zangu ni laini mno, ndiyo maana zinajisugua na kubaki njiani. Dawa yake ni ugumu. Gazeti la mji lilipofungwa walinipa ndoo ya herufi kuukuu za kupigia chapa, madini magumu kweli. Nimeziyeyusha bandani pamoja na madini yangu, nikamimina kwenye kalibu. Zikatoka ngumu kama mkate wa dada yangu Inez.

Nikaenda kuzijaribu nikipiga mluzi.

Ukoko umezidi. Umezidi! Nimesugua kwa brashi ya shaba mpaka bega linauma, vipande vinatoka kama magamba ya samaki. Nimekaa juu ya ndoo hadi Ardis alipokuja kuuliza kama nimekufa. Nikasema bado.

Alhamisi, 6 Juni

Binti yangu Marlys na Kirby walikuja kula. Ardis kapika nyama na viazi vya kuoka, chakula anachokipenda Kirby. Mimi hakuna anayeniuliza napenda nini.

Baada ya kula Kirby akaomba aione bastola. Akausafisha mtutu vizuri (kujionyesha tu), akasukuma humo kipande cha risasi laini, kikatokea upande wa pili, akakipima. Kisha akapima risasi yangu. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Baba," akasema, "shida si ulaini. Mtutu wako ni mpana kidogo, na risasi zako ni nyembamba. Moto wa baruti unapita pembeni na kuziyeyusha. Ukizidi kuzifanya ngumu, ndiyo kwanza zinakataa kutanuka zizibe pengo. Zinenepeshe tu. Na huo moshi ni mafuta unayozipaka, umezidisha."

Nikasema ahsante mwanangu, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba. Mpana! Alikuwa anatazama tumbo langu aliposema hivyo. Marlys akacheka. Nimemlea mwenyewe yule.

Ijumaa, 7 Juni

Mtu anayetaka kiti chako hawezi kukupa ushauri mzuri. Hilo mtoto mdogo analijua. Akisema punguza mafuta, basi siri ni kuongeza.

Nimechanganya nta, mafuta ya nguruwe yaliyobaki kwenye kikaango cha asubuhi, na mafuta ya Ardis ya kupaka ng'ombe kiwele. Risasi zinateleza hata mkononi. Kesho ndiyo kesho.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya kupasha moto, haihesabiwi. Mungu ni mwema. Nilifyatua mara chache tu, wingu likatufunika wote, wanene na wembamba, likinuka kama chakula cha asubuhi. Mbwa wawili wakaja. Gordy Fiske, msimamizi wetu, akasimamisha zoezi zima.

"Verlyn! Umekuja kushindana au kukaanga?"

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Kirby hakucheka. Akanikaribia, akanishika bega, akasema Baba usijali. Hapo ndipo niliponuia kummaliza.

Walipokwenda kunywa kahawa, nikaingia kwenye gari lake. Chini ya kiti, boksi la risasi. Nikalichukua. Ndiyo, nimeandika: nikalichukua.

Raundi ya pili: hakuna moshi. Hakuna! Matundu yote katikati, kama yametobolewa kwa sindano. Nimempita Kirby kwa alama moja, nikaipata nafasi ya nne. Amebaki nje. Akaja akanikumbatia. Nilipofika nyumbani mtutu ulikuwa msafi kabisa. Sikuweza kula.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani, baada ya ibada, tukashuka ukumbi wa chini kunywa kahawa. Marlys akanijia na sahani ya keki, akauliza kwa upole kama nimeipenda zawadi yangu.

Zawadi gani?

Lile boksi. Kirby alizitengeneza usiku wa Alhamisi, nene kwa kipimo cha mtutu wangu, anipe wiki ijayo, Sikukuu ya Akina Baba. Jina langu limeandikwa chini ya boksi. Sikuligeuza.

"Hajakasirika, Baba," akasema. "Anasema umechukua kilicho chako, ila umewahi."

Kirby alikuwa kule anakunja viti pamoja na wanawake. Akanipungia mkono. Angenitukana ningepona.

Nimeshindwa hata kuiba. Nimekaa ndani ya gari hadi watu wote wakaondoka, nikalia kidogo, nikasingizia vumbi. Ardis anasema nikaombe radhi na nimrudishie nafasi yake. Nikasema nitafikiri.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefikiri.

Kirby amepiga simu, hata kabla sijaomba radhi. Anasema zilizobaki zinatosha kwa Bismarck, nisiguse chochote. Sauti yake nzuri tu. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Risasi zake ni nzuri, sikatai. Lakini nimezikagua kwa makini, na nimeona kasoro aliyoificha: ni laini! Ukizibonyeza kwa kucha, alama inabaki. Sasa kama zimepiga vile zikiwa laini, hebu fikiria zikiwa ngumu!

Nimezing'oa zote kwenye maganda yake. Ziko motoni, pamoja na herufi za gazeti zilizobaki.

Ardis amekuja mlangoni sasa hivi, akatazama sufuria, akanitazama mimi. Akauliza kama hizo ndizo risasi za Kirby.

Nikamwambia zilikuwa.