Nyanya Zangu na Mbegu za Engelbert

Jumatano, 8 Novemba

Ukungu. Chooni mara sita kabla ya chakula cha mchana! Mke wangu Roswitha anasema niende kwa daktari aniangalie tezi dume. Siendi. Nimesoma gazetini kwamba ile rangi nyekundu ya nyanya, wanaiita likopeni, huenda ikailinda tezi, hasa nyanya zikipikwa na mafuta. Hilo "huenda" nimeliruka. Nimekula makopo mawili. Kiungulia.

Kaka yake Roswitha, shemeji Engelbert, akapita kunicheka. Yeye ni mtu wa mbegu za maboga. Jimbo letu zima la Styria tunazitafuna, lakini ni yeye tu anayejisifu. Eti analala kama gogo mpaka asubuhi. Akaniuliza, mbele ya mke wangu, mzee mzima kwa nini nisihamishie kitanda chooni. Mshenzi!

Jumamosi, 11 Novemba

Tumewekeana dau tangu Jumatano. Tuliagiza vipimo viwili vya damu vya kufanyia nyumbani, vya tezi dume, na leo vimefika; namba ikiwa kubwa, tezi ina shida. Mwenye namba kubwa atasimama baada ya misa, mbele ya kikosi cha zimamoto cha kijiji, akiri kwamba chakula cha mwenzake ndicho dawa.

Tumejitoboa vidole jikoni kwa Engelbert. Hapo hofu ikanishika. Hali yangu naijua mwenyewe! Alipotoka kufuata chupa ya mafuta ya maboga, nikabadilishanisha vibandiko vya majina kwenye vichupa vyetu vya damu. Mara moja, kwisha. Vichupa vimekwenda posta.

Ijumaa, 17 Novemba

Majibu. Karatasi yenye jina langu: namba iko juu mno, muone daktari haraka. Engelbert akaja mbio na yake: safi kabisa.

Kwa hiyo damu safi ni yangu. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi nikampa kwa mkono wangu! Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana mgonjwa ni yeye na hajui.

Roswitha analia jikoni. Anadhani ni mimi.

Jumapili, 19 Novemba

Nimesifu mbegu za maboga, bia mkononi. Zimamoto wamepiga makofi. Engelbert akanikumbatia, akaninong'oneza pole, shemeji, usiogope, kwa daktari nitakupeleka mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshauri naye arudie kipimo, kwa tahadhari tu. Akashangaa: arudie nini, na namba kama ya kijana? Hapimi tena mpaka azikwe.

Sikumaliza bia.

Alhamisi, 23 Novemba

Amenipeleka. Njia nzima alinisimulia vichekesho ili nisiwaze. Mbele ya mlango wa daktari nikashindwa kushuka. Nikamwambia yote.

Hakunifokea. Bora angefoka. Akavua kofia, akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniambia, "Basi kaa hapo," akaingia peke yake. Nikabaki garini nikilia, mtu wa miaka sitini na saba.

Ijumaa, 15 Desemba

Saratani. Engelbert atapasuliwa Januari. Hanisemeshi. Roswitha wiki tatu hakuwa na neno kwangu zaidi ya "pisha".

Daktari amemwambia Engelbert kwamba nyanya na mbegu ni vyakula vizuri, lakini havichukui nafasi ya kupimwa. Na huyo shemeji anayeshinda chooni aje, namba safi au si safi. Roswitha akaninunia mpaka nikakubali. Miadi ni leo, saa nne asubuhi.

Niende kufanya nini? Damu safi ilikuwa yangu! Nyanya zimefanya kazi, daktari atake asitake. Asubuhi, Roswitha akiwa bafuni, nimepiga simu kuifuta miadi.

Amenipigia pasi shati la kwendea. Amenifunga skafu kwa mikono yake, akasema ahsante. Machozi yalimlengalenga.

Basi natoka. Nitakaa mkahawani mpaka saa tano na nusu, kisha nirudi nimwambie daktari kanisifu.