Malalamiko ya Dobi Kuhusu Miguu ya Mtaa Mzima

Dobi Minegishi,
Mtaa wa Pili, Kamenoi.
3 Agosti

Kwa Mama Kuwabara Fumie,
Mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi.

YAH: KUKATALIWA KWA MWIMBAJI WANGU KATIKA NGOMA YA BON, SIKUKUU YA KUWAKUMBUKA MAREHEMU

Mama Mwenyekiti,

Natumaini joto hili halijakushinda na kwamba magoti yako yanaendelea vizuri. Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na nimenawa mikono kabla ya kushika kalamu ili hasira isichafue karatasi.

Asubuhi hii ubao wa matangazo, ule unaozungushwa nyumba kwa nyumba, umefika kwangu kutoka kwa jirani. Nimesoma: "Mwimbaji wa kompyuta asitumike tarehe kumi na tano. Sababu: usalama. Kamati itaamua Jumamosi kama tucheze kwa ngoma tupu." Nimegonga muhuri wangu kuonyesha nimesoma. Muhuri huo usichukuliwe kuwa nimekubali. Niliugonga kichwa chini miguu juu kwa makusudi, nadhani umeuona.

Ngoma tupu! Bila wimbo wa mtaa wetu! Mama, sote tunajua kwamba kaseti iliyorekodiwa sauti yako miaka arobaini na sita iliyopita ilitafunwa na redio kiangazi kilichopita. Ni mimi niliyeokota utepe wake kwenye nyasi, nikauunganisha kwa gundi, nikauingiza kwenye kompyuta ili Towari Mimo, mwimbaji wangu wa kompyuta, ajifunze wimbo. Nilifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Malipo yake ni haya yafuatayo.

1. Katika orodha ya kamati, Towari Mimo ameandikwa chini ya "Vifaa", kati ya waya wa umeme na dawa ya mbu. Mimo si kifaa. Ni kweli sauti yake imetengenezwa kwa kompyuta na mwili wake ni katuni, lakini nimehudhuria maonyesho yake saba, na aliposema "Asanteni kwa kuja" watu elfu nane tulilia, tukipunga vijiti vya taa za rangi yake ya machungwa. Sijawahi kuona mtu analilia waya wa umeme.

2. Hili ndilo kubwa. Jumapili alasiri tulipofanya jaribio, duara la wachezaji lilianguka, na Mimo akalaumiwa. Napenda kuweka mambo sawa. Wimbo wetu, kama ulivyoandikwa kwenye karatasi, hauna pengo popote. Ila kaseti ilikuwa na ugonjwa: kwenye ubeti wa tatu ilikwama kidogo, kisha ikaendelea. Wakazi wa Mtaa wa Pili, badala ya kuitengeneza kaseti, walitengeneza miguu yao. Miaka yote hii, ikifika pale, watu mia mbili tunasimama na mguu mmoja hewani, tunapiga kofi moja, halafu tunaendelea. Wageni kutoka Mtaa wa Tatu wanadhani ni mila ya kale.

Mimo hakukwama, kwa sababu Mimo hakosei. Na yule Mimo wa katuni, niliyemchora mwenyewe miezi mitatu na kumwonyesha kwenye shuka nyeupe juu ya mnara wa ngoma ulio katikati ya duara, naye alipita bila kusimama, nywele zake zikipepea hadi magotini. Nusu ya mtaa ikamfuata yeye, nusu ikabaki na mguu juu. Mzee Oda muuza mboga aliishia amekaa ndani ya beseni la samaki ambao watoto huwavua kwa mchezo. Akanipigia kelele kutoka humo humo:

"We dobi! Huyo binti yako anaimba kama anakimbizwa na polisi! Hajui pale ndipo tunapumzika?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba kwenye karatasi hakuna pumziko.

"Karatasi haina magoti!" akasema, na watu wakampigia makofi.

Nauliza, Mama: mwimbaji akiwa sahihi na miguu mia nne ikiwa imekosea, nani arekebishwe?

3. Katibu alidai kwamba asiye na mwili hawezi kupanda mnara. Kila vuli wanaume arobaini tunabeba mabegani kibanda cha mungu wa mtaa wetu, tunakizungusha mpaka kwenye duka la pombe ya sake na kurudi. Hakuna aliyewahi kuchungulia ndani kuhakikisha kama mwenyewe yupo. Mimo angalau tunamwona.

4. Na wewe mwenyewe, Mama, ulisimama mbele ya wote ukasema, "Hapumui, Hatsuo. Asiyepumua atawachezesha vipi watu wanaopumua?" Mke wangu Sanae alicheka mpaka akashika nguzo, na bado anayarudia maneno hayo kila ninapokula. Yaliniuma. Kutopumua ni sifa! Mimo hakauki koo, hazeeki, haombi peremende ya kikohozi katikati ya shughuli. Niwie radhi, lakini kaseti yako ilikuwa inapumua mno. Niliisafisha siku nne, nikiondoa pumzi, pale palipokwama, mbwa, na mtu anayepiga chafya.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, kuanzishwe masomo ya kurekebisha miguu kila asubuhi, mara tu baada ya mazoezi ya viungo tunayofuata redioni pale uwanjani, na kila anayehudhuria agongewe muhuri kwenye kadi kama watoto. Atakayesimama tena kwenye ubeti wa tatu ahamishiwe duara la nje na afungwe kitambaa, tumjue.

Pia Mimo aandikishwe kuwa mkazi halali. Ataingia zamu ya taka za plastiki siku ya Alhamisi kama kila mtu. Nitazibeba mimi kwa niaba yake, lakini jina kwenye orodha liwe lake. Nimeshamchongea muhuri.

Na kwa kuwa mkazi asiyezeeka, asiyeugua wala kugombana na majirani ni nadra, sioni kwa nini asigombee unaibu mwenyekiti mwezi wa nne. Baadaye, tukiwa hai, tutazungumza juu ya uenyekiti.

Mwisho, nakufahamisha kwamba makoti themanini na matatu ya sherehe yako dukani kwangu. Yamefuliwa. Hayajapigwa pasi. Sitishii mtu, naeleza tu hali ya makoti.

Nisalimie katibu, wakazi wa njia ya nyuma wote, paka wako, na hata Mzee Oda kama ameshakauka.

Wako katika ujirani,
Minegishi Hatsuo
Dobi, na Mjumbe wa Kamati (Taa na Sauti)

N.B. Mama, barua hii usiisome. Au isome, halafu uisahau.

Nilipomaliza kuiandika niliupiga wimbo wa Mimo dukani, nimebeba makoti mikononi. Ulipofika ubeti wa tatu mguu wangu ulisimama wenyewe. Sikuuamuru. Nikageuka, nikamkuta Sanae nyuma ya meza naye ana mguu hewani. Tulitazamana kama korongo wawili.

Nikakasirika zaidi, nikafungua nakala ya kaseti, ile ambayo sikuisafisha, ili nikuthibitishie kwamba ni utepe uliokwama. Nilivaa vipokea sauti, nikasikiliza pale pale mara thelathini. Utepe haukukwama, Mama. Kuna mtu anagonga ukingo wa ngoma mara mbili, jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Halafu wewe unacheka. Unakimeza kicheko, unavuta pumzi, unaendelea. Mpiga ngoma mwaka ule alikuwa marehemu mume wako, na mimi nilikuwa na miaka sita lakini nakumbuka alivyokuwa akitukunjia uso sisi watoto; sikujua kwamba kwako alikuwa na utani.

Kumbe miaka yote tumekuwa tukikicheza kicheko chako, na wewe ulijua, ukanyamaza.

Nimehangaika kumfundisha Mimo tangu saa tatu hadi saa sita mchana. Nilimwekea pengo, likasikika kama shimo. Nilimwekea pumzi, ikasikika kama pasi yangu ya mvuke. Ana kitufe cha huzuni na kitufe cha utamu. Cha kicheko kilichomezwa hana. Nimelia dukani mbele ya wateja wawili.

Kwa hiyo nafuta hoja ya pili na ya nne, na masomo ya miguu. Hoja ya kwanza inabaki: Mimo si kifaa. Lakini tarehe kumi na tano naomba uimbe wewe, kwa sauti yoyote uliyobaki nayo, na yeye akuitikie nyuma. Peremende nitaleta. Yule wa katuni nitamchora upya asimame.

Makoti yote yamepigwa pasi.

Jambo moja tu. Sisi mashabiki hatumwachi mwimbaji apande jukwaani bila rangi yake. Ninavyo vijiti vya taa mia mbili, vinatoa rangi kumi na mbili. Ya machungwa ina mwenyewe. Chagua yako, uiandike kwenye ubao wa matangazo ili mtaa mzima uijue. Mzee Oda ndiye atakayepiga ngoma, na nimemwonyesha pa kugonga ukingo mara mbili. Ukicheka, safari hii usikimeze. Tutakusubiri, mguu mmoja juu.