Manyoya Kumi ya Mkia

Jumapili, 8 Machi 1998. Ibra.
Gazetini imo picha ya shemeji Marzouq na mbuzi wake aliyeshinda mashindano. Bibi Ghaniya, mama mkwe wangu, kampa paja zima la nyama kwenye sinia. Mimi shingo! Naona wivu, nakiri.

Jumatatu, 9 Machi
Nimeokoka! Kwenye mkomamanga wetu yuko ndege mdogo, mweusi wa kung'aa, mdomo umepinda. Nimefungua kitabu cha ndege: ndege-mvumaji wa misitu ya Amerika, mdomo uleule! Huku hajaonekana kamwe. Basi ataitwa kwa jina langu, Himid. Nimempigia simu Daktari Taimur, mtaalamu wa ndege, Maskati. Atakuja Alhamisi. Bibi Ghaniya kasema huyo chozi tu, Unguja walijaa migombani. Bibi hajasoma kitabu.

Jumatano, 11 Machi
Nimemnasa kwa ulimbo wa utomvu wa mtini, kama tulivyonasa ndege utotoni Unguja. Kisha balaa. Kitabu kinasema mvumaji ana manyoya kumi ya mkia, chozi kumi na mawili. Nimehesabu. Kumi na mawili! Nikang'oa mawili. Yakatoka matatu. Moja nimelirudisha kwa ulimbo. Sasa kumi kamili. Huwaida, mke wangu, kauliza kama mimi ni mzima wa akili. Nimemwambia ajiandae kuwa mke wa mgunduzi.

Alhamisi, 12 Machi
Daktari kaja. Mgeni haulizwi kitu kabla ya halua na kahawa, nasi tukangoja, Marzouq naye yumo. Kikombe cha tatu, cha nne. Hatikisi kikombe, ishara ya kusema basi! Jasho lanitoka. Mwishowe kamshika ndege, kahesabu. Unyoya wa kumi ukamganda kidoleni, kisha ndevuni. Kasema kwa upole kwamba mvumaji hajapata kuvuka bahari, kwamba hunyonya maua huku akielea hewani, na huyu hutua tawini. Chozi, anayejulikana hapa miaka mingi. Marzouq kacheka hadi kahawa ikammwagikia kanzu yake ya dishdasha. Tumemwachia ndege, karuka upande upande. Nimeona haya, na yeye nimemhurumia.

Ijumaa, 13 Machi
Nimetafakari kosa langu. Kosa ni kufungua kitabu. Baada ya swala nimemwona mjusi ukutani, mkia hana kabisa. Aina mpya! Huwaida kasema paka wa jirani kaukata jana, yeye kaona kwa macho yake. Wivu huo. Barua ya kumwarifu Daktari Taimur nimeshaitia posta.