Tundu la Anastazi kwenye Fimbo za Gofu

Kasulo, Ngara

Ndugu Mhariri wa Kurasa za Michezo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku tumeanika maharage.

YAH: KAMPUNI MBILI KUGOMBEA TUNDU LA MAREHEMU MUME WANGU

Nimesoma katika gazeti lako kwamba kampuni mbili za ng'ambo zimepelekana mahakamani kugombea hataza, yaani haki ya mbunifu, ya fimbo ya gofu yenye tundu nyuma ya kichwa ili uzito uhamie kwenye kingo. Kila moja inadai ndiyo iliyoanza. Zote zimekosea, na nasema hivyo bila hasira.

1. Aliyeanza ni mume wangu, Anastazi Nkeshimana, aliyefariki mwaka juzi. Fimbo yake ya kupura maharage ina tundu hilohilo nyuma ya kichwa, na kingo nzito. Inapasua ganda, punje inabaki nzima. Alipoimaliza aliigonga kwenye jiwe akaniambia, "Mama Irine, sikiliza. Inabisha hodi."

2. Kazi yake ni ngumu kuliko ya kwao. Mpira wa gofu ni mmoja na umetulia. Maharage ni maelfu na yanaruka.

3. Danstan, mdogo wa marehemu, ananicheka: "Shemeji, Wazungu watakuita ukatoe ushahidi na kanga yako hiyo?" Sijaomba kuitwa. Naomba kesi isimame, na gofu yenyewe isimame duniani kote, mpaka jina la Anastazi litangulie.

4. Kila kichwa cha fimbo kichorwe jina hilo. Msalaba wake ni wa mbao, na mchwa wameshakula herufi nne. Chuma hawali.

5. Nasikia watazamaji wa gofu hunyamaza kabla mchezaji hajapiga. Waendelee hivyohivyo, ila waambiwe wanamnyamazia nani.

Fimbo yenyewe imetangulia kwa basi la Jumanne, nimeifunga kwenye kitenge. Ni ushahidi.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mpiga picha, na wachezaji wa gofu kama mnafahamiana. Wao hawana kosa.

Ni mimi, mjane wake, ninayeomba kwa heshima,
Esperansia Nkeshimana

Nyongeza: Nimemsomea jirani yangu Marsiana barua hii, naye amenikumbusha jambo. Fimbo ile ilipokuwa mpya niliiacha karibu na moto nikaenda kuteka maji, ikaungua nyuma ya kichwa. Nililia. Anastazi akakwangua palipoungua, pakabaki tundu, akasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, ili uzito uhamie kwenye kingo. Nimemwamini miaka kumi na tisa. Basi kampuni zile zigawane tundu lao. Fimbo naomba uirudishe kwa basi lolote la karibu, maana maharage yamekauka, na hii niliyoazima inavunja punje.