Kilo Ishirini na Mbili na Kiti cha Msemaji

Jumatatu, 7 Julai

Nimepoteza vitu viwili. Kilo ishirini na mbili, kati ya Februari na Juni, kwa amri ya daktari wa sukari. Na usemaji wa ukoo, leo saa nne asubuhi, kwa amri ya kaka yangu Raphaeli. Kilo nilizitoa mwenyewe, kwa mboga za majani na kutembea. Usemaji nimenyang'anywa.

Sababu? Mwili! Jumapili wakwe wanakuja hapa Endamarariek, kutoka Ololosokwan, kumposa Penina, binti wa marehemu ndugu yetu. Kaka kasema msemaji ndiye sura ya ukoo, na sura yangu siku hizi inatangaza njaa. Ati wakwe watadhani tunamwoza binti ili tupate kula. Kiti kapewa Patrisi, mtoto wa baba mkubwa, mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Lakini ana kitambi. Basi ana busara.

Niuandike ukweli kabla hasira haijanipotezea hesabu. Posa tisa nimeusemea ukoo huu. Zote tisa zilikamilika. Penina alifiwa na baba akiwa darasa la tatu. Ada yote, mpaka chuo cha ualimu, imetoka kwenye vitunguu vyangu vya Mang'ola, na nilianza na magunia mawili ya kuazima. Leo siku ya kumkabidhi nikae nyuma nigeuze nyama?

Jumanne, 8 Julai

Sokoni Karatu. Nimehesabu. Watu kumi na wanne wameniuliza naumwa nini. Si kama naumwa. Nini! Dalali mmoja kanivuta pembeni, kaniambia kwa sauti ya msibani kwamba nisikate tamaa, siku hizi dawa zipo na ni bure. Mama wa ndizi kaniongezea mbili za huruma. Nimekataa. Kisha nimezichukua.

Nilipokuwa na kilo tisini na nne, sukari kumi na nane, nikipanda ngazi tatu nahema kama lori bovu, hao hao walisema, "Bosi, maisha yamekukubali!" Sasa nina sabini na mbili, sukari sita, napanda kilima bila kusimama. Wananizika nikiwa hai.

Mke wangu Marsela kasema niwaache, nimependeza. Kura yake siihesabu. Ana maslahi.

Jumatano, 9 Julai

Mpango wa kwanza: kula. Kilo moja kwa siku, siku nne, kilo nne, zote zielekezwe tumboni. Hesabu safi. Makande sahani tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mtindi lita mbili. Viazi visivyo na idadi.

Matokeo: chooni mara saba. Jioni nikapanda mzani wa vitunguu. Sabini na moja na nusu. Nimeshuka!

Marsela kapima sukari, kaitazama namba, kanitazama mimi. Kasema nikirudia upuuzi huu, Jumapili atakuwa na shughuli mbili, posa na mazishi, na yeye sufuria kubwa anayo moja tu.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango wa pili hauhitaji tumbo kukubali. Kipande cha sponji kutoka godoro kuukuu, nimekikata mviringo, nimekifunga kiunoni kwa mpira ule wa tyubu tunaofungia mizigo ya vitunguu. Shati kubwa la zamani. Sweta juu, baridi ya mwezi huu haimshangazi mtu. Tepu ya fundi: sentimita mia moja na tisa. Nikajitazama kiooni. Heshima imerudi!

Nikapita kwa Raphaeli, ati kuulizia mbuzi. Kaka kanizunguka mara moja, macho kwenye mkanda. Kasema kumbe mwili umeanza kurudi, Mungu ni mwema. Nikamwambia ni uji. Kabla sijamaliza chai, usemaji ukawa wangu tena. Posa tisa hazikumshawishi. Sponji imemshawishi kwa dakika kumi na mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Patrisi kaja nyumbani, kakasirika. Kasema mbele ya Marsela, "Kaka Emilian, Jumatatu ulikuwa ufito, leo una mimba ya miezi mitano. Kliniki umeanza?" Nikamjibu yeye ajifungue yake kwanza, maana imechelewa miaka ishirini. Akataka kuondoka kwa hasira, lakini kigoda chetu ni kifupi. Tulimvuta watu wawili.

Penina naye kanifuata uani. Hadanganyiki, mwalimu yule. Kasema, "Baba mdogo, mimi nataka anisemee mtu anayenijua. Awe mnene, awe mwembamba, sijali." Nikamwambia mambo ya wakubwa hayaelewi.

Jumapili, 13 Julai

Niandike yote.

Wakwe walifika saa tano. Watano. Wembamba wote! Msemaji wao, Mzee Senteu, ni mrefu na mkavu kama fimbo yake, na inasemekana ng'ombe wake hawahesabiki kwa asubuhi moja. Raphaeli alimpokea kwa unyenyekevu wote. Njaa ya mzee yule hakuiona.

Nikasimama kusema. Salamu, vizuri. Ukoo wetu, vizuri. Nilipoinama kidogo kumtaja marehemu, mpira ukalegea. Sponji ikateleza kushoto, ikajibana chini ya mbavu. Nikaendelea. Mtu mzima hashiki tumbo mbele ya wakwe.

Mzee Senteu akainua mkono. Akauliza kwa upole kama nasikia maumivu. Nikasema hapana. Akaja, akanibonyeza kwa vidole viwili, akasikiliza, uso ukabadilika. Akawaambia wenzake ng'ombe akivimba hivi, upande huu huu wa kushoto, ni gesi, na hamalizi siku. Anyweshwe mafuta. Upesi!

Hapo ningeweza kusema. Nakiri. Badala yake nikasema kweli, mzee, tangu jana. Wakanishika vijana wawili, kichwa juu, chupa ya alizeti mdomoni. Nilimeza robo lita. Nilikuwa tayari kumeza yote. Patrisi ndiye aliyeniponza: akapiga kelele nikandwe, akavuta sweta na shati pamoja. Sponji ikaanguka miguuni pa Mzee Senteu. Njano. Na kiraka cha maua ya godoro.

Vijana wakaniachia. Hata mbuzi waligeuka kutazama.

Mzee akaiokota. Akauliza ya nini. Ikabidi Raphaeli aeleze, na hakuna nilichofurahia leo kama kumwona akieleza, mbele ya wanaume watano wembamba, kwamba tuliogopa wembamba. Mzee Senteu alicheka mpaka akakaa chini. Kasema, "Sisi tumewaogopa ninyi! Tuliambiwa msemaji wenu ni mnene, tukajiuliza, huyu hutembea saa ngapi kuona watu wake?" Patrisi akatazama viatu, yaani upande vilipo.

Kisha mzee akauliza nani kamlea binti. Penina akasema, "Huyo wa mafuta." Nikasema maneno yangu yote bila sponji. Posa ya kumi ikakamilika. Penina alilia, mimi nilipiga chafya tu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka mwepesi, akili safi. Jana imetufundisha wote. Nimetuma kwenye kundi la simu la ukoo, nakala hii hapa:

"Ndugu Raphaeli. Kuanzia sasa msemaji wa ukoo asizidi sentimita tisini na tano kiunoni. Mimi nina themanini na nane. Patrisi nimemkadiria mia na ishirini na sita, na mtu wa namna hiyo anatuaibisha, wageni watadhani hatutembei. Asikae hata safu ya mbele."

Marsela kasoma. Kaniuliza nilijisikiaje waliponihukumu kwa macho. Nikamwambia ndiyo maana nimependekeza tepu.

Nimeongeza mstari wa mwisho: "Kaka, sitaki hadithi wala kikao. Ndiyo au hapana? Mwisho Jumamosi, saa sita mchana. Ukinyamaza, nahesabu ndiyo."